Mitini Niliyoisifu Kabla Haijazaa

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa mjini Kisii, nikingoja zamu yangu, simu ilipotetemeka mfukoni. Lilikuwa bango la mazishi, la aina hii inayosambazwa siku hizi kabla hata jamaa wa mbali hawajapigiwa simu: picha ya marehemu iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, mishumaa miwili ya kuchorwa, njiwa mweupe, na maandishi ya rangi ya dhahabu. Nilimtambua mara moja. Alikuwa yule mzee wa kitalu cha miche pale Suneka. Kifua kilimsumbua kwa wiki tatu, kikamshinda. Chini ya picha yake walikuwa wameandika, "Baba wa Mitini ya Gusii." Niliinuka nikatoka bila kunyolewa. Ningependa kusema kuwa nilitolewa na huzuni, lakini huzuni ilikuja baadaye. Nilitoka kwa sababu nilichefuka. Maneno hayo ya dhahabu ni yangu. Niliyatunga mimi, katika safu hii hii, miaka mitatu iliyopita, na mzee mwenyewe alikuwa ameniomba nisiyaandike. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanaikumbuka makala ile. Wako walioikata na kuihifadhi. Leo nataka kuwaeleza yaliyofuata. Jina la mzee hamtalisoma hapa. Nililitaja mara moja gazetini, na mtaona lilimfikisha wapi.

Tulijuana kwa sababu ya avokado. Mama yangu, anayeishi upande wa Nyamira katikati ya majani chai, alikuwa ameniomba miche kumi ya kupanda ukingoni mwa shamba. Nilinunua sita kwa mchuuzi mmoja kando ya barabara, kisha nikasimama Suneka kutafuta minne iliyobaki. Mzee alikuwa amechuchumaa chini ya neti nyeusi, akijaza udongo kwenye vifuko vya plastiki. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la suti lililochakaa mikononi na gambuti zilizokatwa chini ya magoti. Alipoiona miche yangu sita nyuma ya gari, alinyanyua mmoja na kuugeuzageuza. Ulikuwa umefungwa utepe wa nailoni shinani, pale ambapo mche wa kupandikizwa huunganishwa na kikonyo cha mti mwingine ili uzae mapema na uzae tunda linalojulikana.

"Nikufungulie hii?" akaniuliza.

"Fungua, tata," nikamwambia, kama tunavyowaita wazee hapa Gusii.

Aliuzungusha utepe polepole hadi ukaisha. Chini yake hapakuwa na kiungo chochote. Palikuwa na mkwaruzo wa wembe tu, kama mtu aliyejikata akinyoa ndevu. "Hii ni ya mbegu," akasema. "Wamefunga bendeji na hakuna kidonda." Akaifungua mitano iliyosalia, na yote ilikuwa vilevile. Niliona aibu, nikamwambia basi aniuzie yeye miche yote kumi. Akakataa. Alikuwa ameipandikiza yake wiki mbili tu zilizopita na hakujua bado kama imeshika. "Rudi mwezi ujao," akasema. Nilirudi mwezi uliofuata, akaniambia nirudi tena. Safari ya tatu ndipo aliponipa, na hata hapo aliniuliza kwanza kwa mama ni baridi kiasi gani, maji husimama shambani au hukimbia, na kama kuna mbuzi wanaofunguliwa ovyo.

Nimekutana na wafanyabiashara wengi katika kazi hii, na wachache sana wamewahi kunikatalia pesa yangu mara mbili. Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama biashara ya miche kwa jicho lingine, na ninachokiona kinanitia kinyaa. Anayeuziwa maziwa yaliyotiwa maji hugundua jioni ile ile akichemsha chai. Anayeuziwa kiatu kibovu hugundua mvua ya kwanza inaponyesha. Lakini anayeuziwa mche wa uongo huurudisha nyumbani, huuchimbia shimo, huutilia samadi, huuzungushia miiba, huufukuzia kuku, na kuupa miaka minne ya maisha yake kabla hajajua kwamba alidanganywa. Muuzaji anajua hivyo, na ndiyo sababu anatabasamu kwa amani. Hesabu yake ni kwamba wewe utakapojua, yeye atakuwa ameshahamia soko lingine, au utakuwa umeisahau sura yake, au utajilaumu mwenyewe na udongo wako. Katika nchi yetu hii ya vipande vya shamba visivyotosha kugeuzia ng'ombe, kumwibia mtu miaka minne ya ardhi ni unyama, na tumeuzoea kiasi kwamba tunauita ujanja wa mjini.

Sasa niwaeleze mitini. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, Msabato tangu utotoni, na alikuwa amesikia habari za mtini mimbarani maisha yake yote bila kuuona hata mmoja. Mwaka mmoja binti yake anayefanya kazi Nakuru alimletea pakiti ya tini zilizokaushwa kutoka duka kubwa. Alikula moja, akazionja zile mbegu ndogo ndogo zikimkwaruza menoni, akaacha kula. Zilizobaki alizilowesha, akazitoa mbegu, akazipanda katika kopo la siagi na kuliweka dirishani jikoni. Mkewe aliniambia kwamba kwa miezi miwili hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kopo lile hata kulipangusa vumbi. Ilisalimika miche saba. Aliihamishia nyuma ya nyumba, mbali na kitalu, ili mnunuzi yeyote asiione na kuanza kuuliza bei.

Nilipoiona ilikuwa na umri wa miaka minne na ilikuwa imenipita urefu. Ilikuwa na majani mapana kama kiganja kilichofunguliwa, na ukivunja jani, utomvu mweupe unatoka. Nilikuwa nimepita kumsalimia tu, lakini nilikuwa pia na safu ya kujaza na sikuwa na cha kuijaza. Nilipoiona mitini ya Biblia imesimama kijijini Suneka kati ya migomba na choo cha shimo, niliona makala imeshajiandika. Nikatoa daftari.

"Mwandishi, ngoja kwanza," mzee akaniambia. "Hii miti bado haijazaa."

"Itazaa, tata. Iangalie ilivyonawiri."

"Kunawiri ni majani. Mimi sijui tunda lake. Nilipanda mbegu, na mbegu haifanani na mama yake. Inaweza kuwa tamu, inaweza kuwa takataka. Ndiyo maana siuzi."

"Nitaandika tu kwamba iko, na kwamba unaingojea."

"Watu hawatasoma kungojea," akasema. "Watasoma mitini. Andika juu ya avokado. Hizo nazijua."

Nilimcheka kidogo, kwa heshima, jinsi tunavyowacheka wazee tunaodhani wameogopa bure. Kisha nikaenda nyumbani nikaandika. Nimeitoa makala ile juzi na kuisoma upya, na nilitamani kuichana. Nilisema tini za Gusii zitafika mezani kwenye hoteli za Kisumu na Nairobi. Nilisema mkulima aliyechoshwa na bei ya majani chai amepata mlango mpya. Habari ya kungojea niliiweka katika sentensi moja, karibu na mwisho, pale ambapo msomaji huwa ameshageukia ukurasa wa michezo. Juu kabisa niliweka jina la mzee, kijiji chake, na lile pambo langu la "Baba wa Mitini ya Gusii." Mhariri aliipenda. Nilipigiwa simu na watu ambao hawajawahi kunipigia, na kwa siku kadhaa nilitembea mjini kifua mbele.

Yuko mtu mmoja ambaye naye nitamwacha bila jina, ingawa yeye sifichi jina lake kwa huruma. Huuza miche kutoka nyuma ya pikapu, Nyakoe leo, kesho Kenyenya, keshokutwa anakojua yeye. Wiki moja baada ya makala yangu kutoka, alifika kwa mzee na maneno laini ya ndugu wa kanisa moja. Alimkuta anapogoa ile mitini. Akaomba matawi yaliyokatwa, akisema mbuzi wake hawana chakula. Mzee, ambaye alikuwa mwangalifu kwa kila jambo isipokuwa kwa watu wanaosali, alimsaidia hata kuyafunga. Matawi yale hayakuliwa na mbuzi yeyote. Yalikatwa vipande vya urefu wa shubiri, yakachomekwa kwenye vifuko vya udongo, na miezi michache baadaye yalikuwa yanauzwa nje ya lango la makambi, pale Wasabato wanapokusanyika kwa juma zima la mahubiri. Siku ya Sabato mtu huyo aliketi mbele akiwa na suti na Biblia. Jumapili asubuhi alikuwa kwenye pikapu. Na mlangoni mwa pikapu, ikiwa imefunikwa kwa plastiki ngumu ili isilowe, palining'inia makala yangu. Niliambiwa habari hizo na nikajifanya nimeona fahari. Nilijiambia kwamba mtu akiuza kitu kwa kutumia maandishi yangu, mimi sijauza.

Mitini ya mzee ilizaa mwaka uliofuata. Alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaniambia nije. Nilipofika alinipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Miti sita ilikuwa imebeba. Wa saba haukuwa na kitu. Chini ya miti mitatu ardhi ilikuwa imetapakaa tini changa, ngumu, za ukubwa wa kidole gumba, zilizoanguka zenyewe kabla ya kuiva. Kwenye mitatu mingine zilikuwa zimebaki mtini na kulainika kidogo. Alichuma moja, akaipasua kwa kisu chake cha kupandikizia. Ndani mlikuwa mkavu, kama sifongo iliyosahauliwa juani. Aliitia mdomoni, akatafuna, akatema. Akaenda mti wa pili, akafanya hivyo hivyo, na wa tatu. Hakuruka hatua hata moja. Alitaka nione kila anachotema.

"Sasa andika," akasema. "Andika kwamba hii haifai. Andika haraka kama ulivyoandika ile."

Nikamwambia nitaandika wiki ile ile. Sikuandika. Wiki ile kulikuwa na zogo la kisiasa mjini na nikajiambia wasomaji wanataka hilo. Wiki iliyofuata nilikuwa na mafua. Baada ya hapo nilijiambia kwamba muda umepita na kwamba kufukua jambo la zamani ni kumwaibisha mzee. Huo ulikuwa uongo mtupu. Niliogopa kuonekana mjinga. Nilikuwa nimepata sifa kwa makala ile, na sikutaka kuirudisha.

Watu wakaanza kumjia. Mitini ya pikapu nayo ilikuwa imezaa na kuangusha, na kila aliyeinunua alikuwa na makala yenye jina la mzee na jina la kijiji chake. Muuzaji wa pikapu hakuwa na anwani. Mzee alikuwa nayo, kwa sababu mimi niliitoa. Mkewe aliniambia habari ya mama mmoja mkunga mstaafu kutoka Kenyenya, mjane, aliyekuwa amezing'oa ndizi zake zote ili apande mitini arobaini. Alifika asubuhi amebeba ndoo ya tini zilizooza. Aliimwaga mbele ya mlango wa kitalu, wanunuzi wakiwa wamesimama hapo, akamwita mzee mwizi mbele ya wote. Mzee hakuwa amemwuzia hata mche mmoja. Alimsikiliza hadi akaisha maneno. Kisha akamwomba aketi, akamwuliza shamba lake likoje, na mwisho wa juma hilo alikodi gari akampelekea miche arobaini ya avokado, ile iliyokwisha kushika, akakaa siku nzima akimwonyesha jinsi ya kuipanda. Hakupokea chochote. Mkewe alipomwuliza kwa nini hakumwambia yule mama aliyemwuzia kweli ni nani, alimjibu, "Jina lililoko gazetini ni langu."

Baada ya mama huyo wakaja wengine, nao aliwapa miche hadi kitalu kikabaki kitupu upande mmoja. Mitini sita aliikata mwenyewe na kuing'oa mizizi. Mmoja uliobaki hakuugusa. Ulikuwa haujazaa, alisema, na hawezi kuuhukumu kwa makosa ya ndugu zake.

Basi Alhamisi tulimzika. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa ni yule yule wa pikapu. Siku hizi ana duka la pembejeo na mwili umemkaa vizuri, na mtu aliyekaa vizuri hapa kwetu haulizwi alivyokaa. Yeye ndiye aliyelipia hema, yeye ndiye aliyetengeneza lile bango, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti. "Ndugu waombolezaji," akasema, "huyu alikuwa mwalimu wangu. Kila ninachojua kuhusu miche nilikitoa mikononi mwake." Lile neno la mikononi mwake lilikuwa la kweli kuliko alivyokusudia. Waheshimiwa wawili wakazungumza kuhusu uchaguzi. Kisha mwenyekiti akatangaza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba nyuma ya nyumba bado umesimama mtini mmoja wa marehemu, na kwamba anayetaka kumkumbuka anaweza kwenda kuuona. Watu walienda kuuona. Nilisikia kwanza mlio wa tawi moja kuvunjika, halafu mengine mengi. Wanawake kwa wanaume, waliovaa nguo za kanisani, walikuwa wakining'inia matawini na kuvunja vipande vya kwenda kupanda, wakisukumana, utomvu mweupe ukiwadondokea mikononi, na jeneza halijashushwa bado. Mkewe marehemu alisimama kwenye kona ya jiko akiwatazama.

"Hata sisi hatujaonja," alisema, bila kupaza sauti, na hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Kisha nikaitwa mbele kama mwandishi mashuhuri na rafiki wa familia. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na watu mia kadhaa mbele yangu, nusu yao wakiwa wameshika matawi. Nilizungumza dakika tatu. Nilisema alikuwa mtu wa subira na bidii. Walinipigia makofi, na nikaketi, na sijawahi kuchukia sauti yangu kama nilivyoichukia pale.

Wakati wa chakula mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani alikuja na sahani yangu. Alinipa, lakini hakuondoka.

"Wewe ndiye uliandika ile maneno ya gazeti?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni wa Kenyenya. Nilimtukana huyu mzee hapa hapa kwake. Nimekuja tangu juzi kusaidia kupika." Akanitazama. "Nataka kukuuliza tu. Ulikuwa umezionja?"

"Sikuwa nimezionja," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama muuguzi anayesikia kwa mgonjwa kile alichokuwa ameshakijua, akarudi kwenye sufuria zake. Sikuweza kula.

Jumapili nilirudi Suneka kumwomba mkewe radhi. Nilimkuta akimwagilia kitalu. Nilimweleza yote, hata habari ya mafua, na nikamwahidi kwamba safari hii nitaandika makala inayomstahili mumewe. Alinisikiliza huku akiendelea na kazi. "Usiandike ati alikuwa mtu mzuri," akaniambia. "Hiyo wamesema wote, hata yule. Andika kile alikwambia uandike."

Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Nimeona kwamba mimi na mtu wa pikapu tumefanya kazi moja kwa miaka mitatu, yeye akiuza na mimi nikitangaza, na tofauti kati yetu ni kwamba yeye alijua anachofanya. Tumekuwa nchi ya kusifu majani. Tunamsifu kijana kwa mradi ambao hajauanza, mwanasiasa kwa barabara ambayo haijachimbwa, na mche kwa jina lililobandikwa juu yake, na sisi wenye kalamu ndio wa kwanza kusifu, kwa sababu tunda huchelewa na gazeti halingoji. Ambaye hajaonja anyamaze. Na ambaye alisema kabla ya kuonja, akishagundua, aseme tena, kwa ukubwa ule ule wa herufi, siku ile ile, iwe anaonekana mjinga au la.

Basi, kwenu nyote mlionunua kwa sababu yangu, na kwenu mliovunja Alhamisi matawi ya mti ambao hadi leo hakuna aliyeonja tunda lake: mitini ile haifai. Ni maneno matatu tu, na nimeyaandika nikiwa nimechelewa miaka miwili, na mzee aliyeniagiza niyaandike yuko kaburini.